Waya hukatikia kando ya lehemu

Nilijifunza kulehemu mezani kwa fundi redio, Mwanza, na kwa miaka mingi nilifanya kama nilivyofundishwa: sokota nyaya mbili, zipashe moto, zimwagie lehemu mpaka zizame, zungushia utepe mweusi. Redio zile zilidumu. Lakini redio hukaa kabatini, hakuna anayeitikisa.

Siku hizi niko Marekani, na wikendi narusha roketi na wenzangu kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Roketi yangu ina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Injini ya daraja H huisukuma kwa nguvu inayozidi uzito huo mara kumi na zaidi, huku mwili mzima ukitetemeka. Kisha parachuti hufunguka na kila kitu kilichomo ndani hutupwa upande wa pili. Kila waya hupitia hayo yote.

Roketi hubeba parachuti mbili, ndogo na kubwa, na msimu mmoja ile kubwa haikufunguka. Roketi ilishuka na ile ndogo peke yake, ikapiga ardhi kwa kishindo na bomba likapasuka. Kumbukumbu ya altimita, kifaa kinachopima kimo angani na kuamuru parachuti zifunguke, ilionyesha kwamba ilitoa umeme kwenye mita 180, kama nilivyoipanga. Umeme haukufika kwenye kiwashio cha kufungulia parachuti. Nilipochana mpira wa waya nilikuta kiungo changu kizima kabisa, kinang'aa. Waya ulikuwa umekatika milimita tatu pembeni yake, chini ya ganda, nyuzi zote kwenye mstari mmoja kana kwamba zimekatwa kwa wembe.

Nilikaa na kipande kile kiganjani muda mrefu. Waya laini ni kifurushi cha nyuzi nyembamba, na ulaini wake unatokana na nyuzi hizo kuteleza zenyewe kwa zenyewe. Lehemu iliyoyeyuka hupanda katikati yake kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, hata ndani ya ganda usikokuona. Inapoganda, sehemu hiyo inakuwa kijiti. Pale kijiti kinapoishia na ulaini unapoanza, ndipo mtikisiko wote hukunjia waya, tena na tena, mpaka ukatike. Lehemu nyingi niliyodhani ni uimara ndiyo iliyonikatia waya.

Basi nikabadilisha mbinu. Kwanza navisha mpira unaosinyaa kwa moto na kuusogeza mbali, maana ukibaki karibu utasinyaa kabla ya wakati wake. Namenya kama milimita 15 kila upande, na nikiona hata uzi mmoja umejeruhiwa nakata na kuanza upya. Kisha napishanisha nyaya na kuzungusha kila mmoja juu ya mwenzake, mizunguko minne au mitano iliyobana. Msokoto huu Wamarekani wanauita Western Union: kampuni hiyohiyo tunayotumia kutuma pesa nyumbani ilianza kwa simu za maandishi katika karne ya 19, na nyaya zake ziliungwa hivi nguzoni. Ukiuvuta unazidi kukaza. Hapo nguvu ya kushika iko kwenye msokoto wenyewe. Lehemu inabaki na kazi ya kupitisha umeme na kuzuia msokoto usifunguke.

Natumia lehemu ya bati 63 kwa risasi 37. Hiyo huyeyuka na kuganda papo hapo kwenye nyuzijoto 183, haipitii hali ya uji, kwa hiyo mkono ukitikisika kidogo kiungo hakipati ufa kirahisi. Flaksi, yaani dawa inayosafisha chuma ili lehemu ishike, iwe ya utomvu wa msonobari. Ile ya asidi ya mafundi bomba usiisogeze hata karibu, inakula shaba taratibu. Nanawa mikono nikimaliza, kwa sababu ya risasi.

Ncha ya pasi ya kulehemu naiweka kwenye nyuzijoto 350. Naigusisha chini ya msokoto, lehemu naiingizia juu, ili iyeyushwe na waya wenyewe. Sekunde mbili au tatu zinatosha. Karibu na ganda nimebana kibanio cha chuma kinachokunywa joto, na lehemu inakoma milimita moja au mbili kabla ya ganda. Kiungo kizuri unaweza kuhesabu nyuzi zake chini ya lehemu. Kikiwa kitonge cha mviringo, nakifuta na kurudia.

Mpira wa kusinyaa, wenye gundi ndani, unapita kiungo kwa zaidi ya sentimita moja kila upande na kulala juu ya ganda. Nyaya zikiwa jozi, viungo vyake siviweki sambamba. Baada ya hapo nafunga waya kwenye ubao wa ndani ya roketi pande zote mbili za kiungo, ili mtikisiko usikifikie.

Asubuhi ya kurusha, kabla kiwashio hakijaunganishwa, naunganisha ncha za upande mmoja na kuweka mita ya kupima umeme upande wa pili. Navuta, nakunja, natikisa. Mita ikisoma ohm 0.3 na kubaki 0.3 muda wote, ndipo ninapoanza kukunja parachuti.