Mjusi wa nusu-majini ni mjusi gani?

Ni mjusi wa nchi kavu asiyeweza kukaa mbali na maji: humo hutafuta chakula, humo hukimbilia adui akitokea. Tusimchanganye na chura. Chura huanza maisha akiwa kiluwiluwi mwenye matamvua, lakini mjusi huyu hupumua kwa mapafu tangu anapoanguliwa. Mwili wake haujipashi joto wenyewe, kwa hiyo akitoka kwenye maji baridi huhitaji jiwe au gogo la kuotea jua.

Kwetu Lubumbashi mfano wa karibu ni kenge wa mitoni. Mtazame mkia: umebanwa ubavuni kama kasia, na ndio unaomsukuma anapoogelea. Tundu za pua zimekaa juu, hivyo huweza kuzamisha karibu mwili wote na bado akapumua. Hukua hata kupita mita 2, akila kaa, konokono, samaki, vyura na mayai, hata ya mamba. Wanaomdhania mtoto wa mamba wanakosea sana, maana mamba kwa ukoo yuko karibu zaidi na ndege kuliko na mijusi.

Anayenistaajabisha kuliko wote ni mdogo, wa kutoshea kiganjani: anoli wa vijito vya Costa Rica na Panama. Akitishwa huzama na kushikilia miamba ya chini. Ngozi yake haishiki maji, basi hewa huigandia. Akitoa pumzi, povu huvimba juu ya pua, kisha hulivuta tena ndani. Amewahi kuonekana akikaa hivyo dakika 16. Mwaka 2024 mtafiti Lindsey Swierk alichapisha jaribio ambamo baadhi yao walipakwa mafuta ya ngozi ili povu lisishike. Walioachiwa povu lao walikaa chini kwa muda uliozidi wa wenzao kwa asilimia 32.

Lakini mayai hayatagwi majini. Kinda angekosa hewa akafa. Kenge jike huchimba kichuguu, hutaga humo makumi ya mayai, na mchwa wenyewe huliziba tundu, joto na unyevu vikabaki ndani. Hapa kwetu vichuguu huvunjwa kwa udongo wa matofali. Vile vya kando ya mto ningeomba viachwe: mto ukijaa kaa lakini ukingo ukakosa pa kutagia, kenge hatazaliana hapo.