Malalamiko ya Maadili: Baraza Linaweza Nini, Haliwezi Nini

Tangu kampeni ya elimu kwa umma ianze, barua za malalamiko dhidi ya wanataaluma zimeongezeka. Tunashukuru. Ila nyingi zinadai hatua tusizo na mamlaka ya kuzichukua.

Baraza la kitaaluma lina mamlaka juu ya usajili na leseni, basi. Halifungi mtu wala halilipi fidia. Anayedai fidia afungue kesi ya madai, mwenye ushahidi wa rushwa aende TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa Tanzania Bara. Daktari analalamikiwa Baraza la Madaktari Tanganyika, muuguzi Baraza la Uuguzi na Ukunga, wakili Kamati ya Mawakili, mhandisi Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Zanzibar ina vyombo vyake. “Daktari” asiyesajiliwa hana jina la kufutwa kwenye rejesta (orodha ya waliosajiliwa). Huyo mripoti polisi.

Malalamiko yaletwe kwa maandishi: jina la mlalamikiwa, kituo, tarehe, maelezo ya tukio, na nakala za vielelezo (vile halisi baki navyo). Mlalamikiwa hupewa nakala ajibu. Uchunguzi wa awali ukionyesha kuna hoja, shauri husikilizwa kwa pande zote mbili, na adhabu huanzia onyo, kusimamishwa kwa muda, hadi kufutwa kwenye rejesta. Aliyeadhibiwa ana haki ya kukata rufaa. Sauti ya WhatsApp iliyosambazwa kwenye magrupu si malalamiko.

Tuelewane pia kuhusu kosa lenyewe. Mgonjwa kufariki si ushahidi kwamba maadili yamevunjwa. Tunachotazama ni kama alionwa kwa wakati, kama aliridhia upasuaji baada ya kuelezwa, na jalada lake la matibabu linasema nini. Daktari anayekataa kumpa mke majibu ya vipimo vya mumewe kwa kawaida anatii kanuni, hata familia ikinuna.

Kanuni za taaluma hazifanani. Wakili anayemtetea mtuhumiwa ambaye mtaa mzima umeshamhukumu anafanya kazi yake. Mkaguzi wa hesabu hutunza siri za mteja, lakini hawezi kutoa hati safi (maoni kwamba hesabu ziko sawa) kwa hesabu zilizopikwa eti kwa sababu mteja ndiye anayemlipa. Kwa mhandisi, usalama wa umma uko juu ya matakwa ya mwenye jengo. Wanaokumbuka ghorofa lililoanguka Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, Machi 2013, na kuua watu zaidi ya 30, hawahitaji kuelezwa sababu.

Kabla hujaandika, hakikisha kwanza mlalamikiwa yumo kwenye rejesta ya taaluma yake. Asipokuwemo, barua yako itarudishwa na utakuwa umepoteza muda.