Stroberi Ikiota Ukungu, Usikate Upande Mmoja

Kwenye banda letu la Nane Nane, swali ninaloulizwa kuliko yote hutoka kwa mtu aliyeshika kopo la stroberi mkononi: "Mtaalamu, nikikata hapa penye ukungu, si iliyobaki inalika?" Hapana, hailiki.

Karoti ni ngumu. Ikiota ukungu unaweza kukata kipande kikubwa kuzunguka doa ukatumia kilichobaki. Stroberi ni laini, na asilimia 90 hivi ya uzito wake ni maji, kwa hiyo nyuzi za ukungu hupenya ndani mahali jicho lisipofika. Itupe nzima. Kisha kagua zilizokuwa zimegusana nayo: iliyolowa au kulainika nayo itupwe, iliyo ngumu na kavu ioshwe iliwe siku hiyohiyo.

Adui mkubwa ni ukungu wa kijivu, Botrytis cinerea. Mara nyingi huingia kupitia ua, tunda likiwa bado shambani, ukajificha hadi liive. Leo utaona doa la kahawia lililobonyea, keshokutwa manyoya ya kijivu. Friji huuchelewesha tu, maana huweza kukua hata baridi ikikaribia nyuzi 0. Kuna mwingine wenye nywele ndefu na vichwa vyeusi, ambao hufanya tunda livuje maji. Huo baridi ya chini ya nyuzi 5 huusimamisha. Ndiyo maana nasisitiza stroberi ziingie kwenye friji mara zifikapo nyumbani, zisilale mezani.

Lakini kwanza zimwage kwenye sinia. Tafadhali msiruke hatua hii, hata mkiwa mmechoka. Geuza moja moja, maana zile za chini ndizo huminywa safarini, na kopo linaweza kupendeza juu huku chini kumeshalowa. Zenye michubuko ziliwe leo. Nzima zipange kwenye chombo kipana, tabaka moja au mbili, juu ya kitambaa safi kikavu, na kifuniko kiache upenyo. Usizioshe bado, kwa sababu unyevu ndio chakula cha ukungu. Kikonyo nacho kibaki. Ukikichomoa umefungua kidonda. Zioshe wakati wa kula, kwa maji safi yanayotiririka, ndipo ukitoe.

Kwa nyuzi 4 zitakaa siku 3 hadi 7, kutegemea zilivyofika. Kwenye joto la Dar es Salaam bila friji, zimalize siku hiyohiyo. Na usinunue zenye mabega meupe, yaani nyeupe upande wa kikonyo, ukitarajia zitaivia nyumbani: stroberi ikishachumwa haiongezi utamu.

Iliyokolea rangi au kusinyaa kidogo haijaoza. Hiyo ni ya juisi au jamu. Harufu ya pombe au siki, utelezi, au maji mekundu yaliyotuama chini ya kopo, hapo tunda limekwisha. Na jamu isipikwe kwa matunda yenye ukungu, kwani baadhi ya sumu za ukungu hustahimili moto wa jikoni.

Zikizidi, zioshe, zikaushe kabisa, toa vikonyo, zitandaze kwenye trei ndani ya friza bila kugusana. Zikiganda zihamishie kwenye mfuko, uandike tarehe. Zikiyeyuka zitalegea, kwa hiyo zitumie kwenye juisi au zichanganye na mtindi.