Je, wajua? Mrija wa kutibu presha hupita kwenye mshipa wa figo, lakini hauendi kuzibua kitu

Shangazi yangu wa Bombo anameza dawa tatu kila siku, mojawapo ile ya kukojoza maji, na bado presha haishuki (majirani zake Waganda huiita puleesa). Dawa tatu za kipimo kamili na namba bado ziko juu: hiyo ndiyo presha sugu. Aliposikia kwamba ng'ambo kuna tiba ya kupitisha mrija hadi kwenye figo, aliniuliza wanafanya nini huko ndani. Nikamjibu bila kusita: wanazibua mshipa ulioziba.

Nilimpotosha, na nimekutana na wengi wanaoamini hivyohivyo. Tukisikia mrija na mshipa, tunamkumbuka mtu aliyezibuliwa mshipa wa moyo, basi tunamaliza habari hapo. Kweli wapo watu ambao ateri ya figo, yaani mshipa unaoipelekea damu, imebana na presha yao inapanda kwa sababu hiyo, ila hao wana matibabu yao. Katika tiba ninayoieleza, ateri inatakiwa iwe wazi na nzima. Mrija huingilia pajani, ukapanda hadi ndani ya ateri ya figo, kwa sababu hiyo ndiyo njia ya kuufikia ukuta wake. Kinachotafutwa ni neva, nyuzi zinazobeba ujumbe kati ya ubongo na figo, nazo zimeizunguka ateri kwa nje. Mawimbi ya redio, au ya sauti isiyosikika na sikio, huzichoma kupitia ukuta huo. Figo yenyewe haifi. Figo ya kupandikizwa hukatwa neva zake siku inapotolewa kwa mwenyewe, na bado huchuja damu kwa miaka.

Sasa kama hakuna kilichozibuliwa, presha inashukaje?

Simama pale vijana wanapoosha bodaboda. Kijana akibana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole gumba, ushike mpira huo nyuma ya kidole chake: umekakamaa. Haujaziba popote, ni kidole tu. Mwilini kidole hicho ni msuli uliozunguka kila kijishipa cha damu, vijishipa vyembamba kama unywele, vilivyotapakaa kuanzia utosini hadi unyayoni. Vikibana, ateri kubwa zilizo nyuma yake hukakamaa kama ule mpira. Na hesabu yake inashangaza: upana wa kijishipa ukipungua kwa sehemu moja tu ya kumi, ugumu wa damu kupita huongezeka kwa nusu nzima. Ukipungua kwa nusu, ugumu huongezeka mara 16. Ndiyo maana kulegea kidogo tu kwa vijishipa ni jambo kubwa.

Anayekiamrisha kidole ni neva za tahadhari, zilezile zinazofanya moyo wako udunde ukikoswakoswa na gari. Zinapoiamuru figo, figo hushikilia chumvi na kumwaga renini, kemikali inayoanzisha msururu wa kubana mishipa. Lakini figo nayo hupeleka habari juu, na ubongo ukizipokea hukaza vijishipa hata vya mikono na miguu. Kwangu hapa ndipo penye uzuri wote: unachoma neva kando ya figo ukitarajia vidole vilegee mwili mzima.

Nimesema ukitarajia. Mwaka 2014 jaribio la watu 535 nchini Marekani lililinganisha tiba hii na tiba ya kuigiza, ambapo mrija uliingizwa bila kuchoma kitu. Namba ya juu ya presha, ile inayotajwa kwanza, ilishuka kwa takriban 14 kwa waliotibiwa, na takriban 12 kwa walioigiziwa. Tofauti hiyo haikutosha. Mbinu zikaboreshwa, na majaribio kadhaa ya baadaye yakaonyesha tofauti ya kama 4 hadi 6, ingawa si yote. Novemba 2023 Marekani iliidhinisha vifaa viwili vya tiba hii.

Kuhusu vijishipa vyenyewe ushahidi bado ni mwembamba: tafiti ni ndogo, na majibu hayalingani. Presha ya miaka mingi hunenepesha kuta za vijishipa, na ukuta ulionenepa haupungui siku neva inaponyamaza. Baadhi ya watafiti huvichungulia nyuma ya jicho, mahali ambapo vijishipa vya damu huonekana waziwazi bila kupasua.

Shangazi nilimrudia na habari ya kidole. Akaniuliza kama kuna dawa inayolegeza kidole bila mrija. Ipo: amlodipini, na alikuwa ameshaimeza asubuhi ile.