Je, wajua kwa nini fonti mpya inachorwa ionekane imechakaa?

Umeshaziona zile herufi nene kwenye lebo za korosho au fulana, zina vimiguu vipana vya mraba halafu zimekwaruzika kama rangi imegoma kushika? Mteja akizipokea stesheneri pale Mtwara anauliza mbona printa yenu mbovu, kumbe printa nzima kabisa, fonti ndo iko hivyo makusudi.

Chanzo cha unene huo ni matangazo. Vitabu kama vile Wabenedikti walivyochapa Ndanda miaka mingi unavishika mkononi, herufi nyembamba zinatosha, ila bango unaliona ukiwa juu ya bodaboda. Shida hiyohiyo waliipata London mwanzoni mwa karne ya 19, biashara zinagombania kuta, ndipo watengeneza herufi kama Vincent Figgins wakanenepesha kila kitu mpaka vile vimiguu. Mwaka 1845 Robert Besley akatoa fonti ya aina hiyo iitwayo Clarendon, inatumika hadi leo.

Sasa mikwaruzo ilitoka wapi? Herufi kubwa za kuchapia za madini ya risasi zilikuwa nzito, ghali, na zikipoa baada ya kumiminwa uso unabonyea. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York akapata mashine ya kuchonga herufi za mbao kwa wingi, na hapo ndo mabango makubwa yakashika kasi, lakini mbao ni mbao bwana, inadondoka inamegeka, inakula unyevu, herufi moja inachapa miaka na miaka mpaka inakuwa fupi kidogo kuliko jirani yake, wino haufiki vizuri, karatasi inatoka na madoa meupe. Yale madoa ndo wabunifu wanayoyaskani leo au kuyachora upya kwenye kompyuta.

Na mi naona sababu kubwa ya uchakavu kukaa vizuri kwenye herufi hizi ni unene wake. Unaweza kula sehemu kubwa ya M na bado ni M, ukifanya hivyo kwenye herufi nyembamba inakatika vipande, hakuna kinachosomeka. Ndo maana pia ni za maandishi makubwa ya kichwa tu. Ukiandika uzito wa pakiti au namba ya simu kwa fonti hiyo, kwa udogo ule mikwaruzo inageuka uchafu, mteja anakosea tarakimu unapoteza oda, weka fonti safi hapo.

Kitu kinachoniuma ni lebo nzuri kuharibiwa na kitu kidogo. Andika KOROSHO, ina O tatu. Enzi za mbao kila O ilikuwa kipande chake na kovu lake, ila kwenye fonti nyingi za bure O zote tatu zina mkwaruzo uleule palepale na jicho linashtuka hata kama mtu hajui kwa nini. Fonti nzuri inakuja na O mbadala mbili tatu, zitafute kwenye paneli ya glifu, yaani ile orodha ya herufi zote za fonti kwenye programu ya kubunia, ubadilishe. Kama hazimo, geuza O moja kichwa chini, nyingine ifute kidogo kwa mkono kabla hujapeleka kuchapa.