Data Zako Zimerudishwa? Soma Hapa Kabla ya Kupiga Simu

Malalamiko yameongezeka. Wanafunzi wa uzamili na watafiti hapa Dodoma wanauliza kwa nini dawati letu la kupokea data linawarudishia mafaili, hasa wale wanaolinganisha mvua zetu na barafu ya ncha za dunia. Tunaamini wengi hawakukusudia kukosea. Hata hivyo, metadata, yaani maelezo yanayoambatana na data, zina kanuni zake.

"Barafu" peke yake si maelezo. Kwa mtoto wa Majengo, barafu ni juisi iliyogandishwa kwenye kifuko. Kwa istilahi za Shirika la Hali ya Hewa Duniani, barafu ya bahari yenye unene wa sentimita 10 hadi 30 ni barafu changa, ya mwaka wa kwanza huanzia sentimita 30, na iliyonusurika kiangazi kimoja au zaidi ni barafu kongwe. Mashine haikisii ulimaanisha ipi. Ndiyo maana katika kanuni za CF, zinazotumika kimataifa kutaja data za hali ya hewa na tabianchi, sehemu ya bahari iliyofunikwa na barafu ina jina moja tu, sea_ice_area_fraction, na jina hilo halitafsiriwi. Maelezo mengine yaandike kwa Kiswahili upendavyo. Kuna aliyelitafsiri, tena kwa ufasaha wa kupigiwa makofi, na faili lake likawa halionekani kwa yeyote anayelitafuta.

Majina ya mahali nayo yana shida zake. Antaktika mlima mmoja unaweza kuwa na majina kadhaa, kwa kuwa kila nchi ilibatiza kivyake. Kamati ya kisayansi ya bara hilo, SCAR, inatunza orodha ya pamoja inayoyaunganisha. Sisi tuna Makutupora, Makutopora na Makutapora, na visima ni vilevile. Andika lolote kati ya hayo, ila weka latitudo na longitudo. Na alama ya kutoa, jamani! Dodoma ni takriban -6.2, 35.7. Ukiisahau alama hiyo, umeuhamishia mji kusini-magharibi mwa Ethiopia. Ukiisahau kwa Antaktika, data zako zimeruka hadi upande wa Aktiki.

Kuhusu saa: kipimamvua kinasomwa saa tatu asubuhi, mtu anaandika 3:00, na mashine inaelewa saa tisa usiku. Tumia ISO 8601, mtindo wa kimataifa wa kuandika tarehe na saa, kwa saa za dunia (UTC), zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu: 2025-03-14T06:00Z. Hiyo Z si pambo; ndiyo alama ya saa za dunia. Katika Ncha ya Kusini, ambako kanda zote za saa zinakutana, kituo cha Amundsen-Scott kinafuata saa za New Zealand kwa sababu safari zake zinapitia huko. Bila Z, msomaji atajuaje?

Faili likirudishwa, utapata barua pepe yenye namba ya kumbukumbu. Usifungue ombi jipya. Rekebisha sehemu zilizowekewa alama, kisha tuma kwa namba ileile ndani ya siku 14 za kazi. Zikipita, namba inafutwa na unaanza upya, pamoja na saini mpya ya msimamizi wako. Faili moja likiletwa kwa namba mbili, zote mbili zinasimamishwa hadi ueleze kwa maandishi. Simu haiharakishi chochote.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya watu wa baridi, hayatuhusu. Mkataba wa Antaktika wa 1959 unataka matokeo ya uchunguzi wa huko yabadilishwane na yapatikane bila kizuizi, na Tanzania hatuna kituo huko. Sisi tutayapata kwa kutafuta tu, na kutafuta kunategemea msamiati. Hata barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iliyochimbwa mwaka 2000 na timu ya Lonnie Thompson ilipelekwa katika kituo cha utafiti wa ncha za dunia cha Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani. Ni barafu yetu, na mwanafunzi wa Dodoma anayetaka vipimo vyake atavitafuta kwa maneno hayohayo anayoyalalamikia.

Dawati linafunguliwa saa mbili asubuhi. Kwenye faili ingekuwa 05:00Z.