Asilimia 85 ya nini? Kutathmini utabiri wa ukosefu wa ajira wa muda mrefu

Kila mjadala kuhusu serikali kutumia kompyuta kubashiri nani kati ya waliopoteza kazi atasota muda mrefu huishia mahali pamoja. Mtu anauliza kama mfumo unafaa, mwingine anajibu kwamba una usahihi wa asilimia 80 au 85, na mazungumzo yanafungwa hapo. Nimelisikia jibu hilo kwa wanaoitetea mifumo hii. Nimelisikia pia kwa wanaoipinga, ambao huidaka ile asilimia 15 iliyobaki na kuipeperusha kama ushahidi. Wote wanaibebesha namba hiyo mzigo isioweza kuubeba.

Maana ya dhana yenyewe ni fupi. Mtu akijiandikisha ofisi ya ajira, taarifa zake za elimu, kazi alizofanya, muda aliodumu kazini na mahali anapoishi huingizwa kwenye programu. Programu humlinganisha na watafuta kazi waliomtangulia, kisha humpa alama. Alama hiyo ndiyo huamua nani aitwe mapema, nani apelekwe mafunzoni na nani aachwe ajitafutie. Kutathmini utabiri ni kuuliza kama alama hizo zinastahili kufanya maamuzi hayo. Basi.

Sasa hesabu. Chukua watu 1,000 waliojiandikisha, na tuseme 150 kati yao watakaa bila kazi zaidi ya mwaka. Tengeneza mfumo usiojua lolote, unaomwambia kila anayeingia mlangoni kwamba atapata kazi mapema. Utakuwa umepatia kwa watu 850. Huo ni usahihi wa asilimia 85, na haujamtambua hata mmoja kati ya wale 150 ambao kwa ajili yao ofisi iliagiza mfumo. Ni sawa na kutabiri kila siku ya kiangazi kwamba mvua haitanyesha.

Weka mfumo wa pili pembeni yake. Huu unawanyooshea kidole watu 200, na 75 kati yao kweli wanakuja kukaa mwaka mzima bila kazi. Umewanasa nusu ya waliokuwa hatarini, na aliyenyooshewa kidole ana uwezekano wa asilimia 37.5, wakati kiwango cha wote ni asilimia 15. Kwa ofisi yenye maafisa wachache hilo ni jambo kubwa. Lakini hesabu makosa: 125 walionyooshewa bure na 75 walioponyoka, jumla 200. Usahihi ni asilimia 80. Kwa kipimo kile kinachotajwa kila mara, mfumo unaosaidia umeshindwa na mfumo usiofanya chochote.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni kutenganisha makosa. Kumwambia mtu yuko hatarini naye akapata kazi baada ya miezi miwili ni kosa la aina moja. Kumwambia atapata upesi, kisha mwaka ukampita nyumbani, ni kosa la aina nyingine. Kizingiti cha alama, yaani pale mtu anapoanza kuhesabiwa yuko hatarini, ndicho huamua kosa lipi liwe jingi: kishushe, utawanasa wengi na kuwasumbua wengi. Pahali pa kukiweka ni uamuzi wa watu, wala takwimu haziwezi kuufanya kwa niaba yao.

Uzito wa kosa nao hutegemea kinachofuata baada ya alama. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1993, majimbo hukadiria nani anaelekea kumaliza mafao yake yote ya kukosa ajira, na mwenye alama ya juu huitwa kwenye huduma za kutafuta kazi, tena kwa lazima. Aliyeitwa kimakosa amepoteza muda. Austria mpango ulikuwa na sura nyingine. Mwaka 2018 ofisi ya ajira ya huko, AMS, ilitangaza mfumo wa makundi matatu. Kundi la juu ni la wenye uwezekano wa angalau asilimia 66 wa kufanya kazi miezi mitatu ndani ya miezi saba ijayo. La chini ni la wenye uwezekano usiofika asilimia 25 wa kufanya kazi miezi sita ndani ya miaka miwili. Waliobaki ni wa kati, na hao wa kati ndio waliokusudiwa kupata misaada ya gharama kubwa. Aliyewekwa kundi la chini kimakosa angekosa mafunzo ambayo pengine yangemrudisha kazini. Asilimia ya makosa ikilingana kabisa katika nchi hizi mbili, bado madhara hayalingani.

Tazama pia kwamba kinachotabiriwa si kimoja. Mfumo wa Marekani unatabiri kumaliza mafao, ule wa Austria muda wa kufanya kazi ndani ya kipindi fulani. Hata maneno "muda mrefu" hayana kipimo kimoja: takwimu za Ulaya huanzia miezi 12, za Marekani wiki 27. Kupanga nchi kwenye jedwali kwa asilimia za usahihi, kama ninavyoona ikifanywa, ni kulinganisha majibu ya maswali tofauti.

Lipo na swali la makosa yanamwangukia nani. Mfumo wa Austria, kama ulivyochapishwa, ulimpunguzia mtu alama kwa kuwa mwanamke, na majukumu ya kulea yakapunguza alama za wanawake peke yao. AMS waliutetea kwa kusema unaonyesha tu soko la ajira lilivyo, na huenda ni kweli kwamba soko liko hivyo. Ila hapo ndipo penye shida: ubaguzi wa waajiri wa jana ukishageuka alama, kesho unakuwa sababu ya kumnyima mtu msaada. Mwaka 2020 mamlaka ya ulinzi wa data iliamuru mfumo usimamishwe, na mvutano ukahamia mahakamani. Marekani mifumo ya majimbo hairuhusiwi kutumia umri, jinsia wala rangi, lakini katazo hilo peke yake halihakikishi kwamba makosa yatagawanyika sawa, maana mtaa na aina ya kazi huweza kubeba habari zile zile. Wastani wa usahihi hauonyeshi lolote kati ya haya.

Wengine hujibu kwamba hakuna tatizo, mwisho wa yote afisa ndiye anayeamua. Poland walipowagawa watafuta kazi katika makundi matatu kuanzia mwaka 2014, afisa aliruhusiwa kulibadilisha kundi. Walibadilisha chini ya mara 1 kati ya 100.

Lakini linaloniumiza zaidi ni hili. Hata alama ingekuwa kamilifu, ingetuambia nani ana hatari kubwa. Haingetuambia nani atanufaika na msaada. Ni maswali mawili, na la pili ndilo la mtafuta kazi mwenyewe. Anaweza kuwepo mtu mwenye hatari kubwa ambaye semina ya kuandika barua za maombi haitamsogeza popote, na mwenye hatari ya wastani ambaye wito mmoja tu ungemtosha.

Njia ya kulijibu swali hilo la pili ipo, na ilipatikana Kentucky, jimbo la Marekani. Huko walitoa alama kutoka 1 hadi 20 na kuwaita watu kuanzia juu. Nafasi zilipobaki chache kuliko watu wenye alama ile ile, walichaguliwa kwa bahati nasibu. Hivyo wakapatikana walioitwa na wasioitwa wenye alama sawa, wanaoweza kulinganishwa kwa haki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba walioitwa walichukua mafao kwa takribani wiki 2.2 pungufu, na kipato chao baadaye kilizidi kwa zaidi ya dola 1,050. Sehemu kubwa ya tofauti ilitokana na watu waliojitoa mapema kwenye mafao, wengi wao barua ya wito ilipofika na kabla hata huduma haijaanza. Na watafiti hawakuona kwamba mwenye alama kubwa zaidi ndiye aliyenufaika zaidi. Alama ilikuwa ikipanga foleni kwa kigezo kimoja, faida ikaenda kwa kingine.

Basi anayesema mfumo fulani una usahihi wa asilimia 85 hajasema uongo, wala sina ugomvi naye. Amejibu ni mara ngapi ubashiri na matokeo vilikubaliana. Namwomba aongeze matatu: mfumo wa kuwaambia wote "utapata" ungefikia ngapi hapo hapo, kati ya waliokaa mwaka mzima bila kazi ni wangapi walitambuliwa siku ya kwanza, na waliotambuliwa waliishia wapi wakilinganishwa na wenzao wa alama ile ile ambao hawakuitwa.